Kigae Kisicho na Jina

Kijana msomaji, yamkini umepata kufika katika Jumba la Makumbusho lililo juu ya kilima mjini Nairobi. Huenda ulipelekwa na walimu wako, ama ulikwenda na wazazi siku ya sikukuu. Uliona ndege waliokaushwa wakapangwa nyuma ya vioo, uliona mafuvu ya watu wa kale na silaha za mababu, kisha ukatoka ukidhani kwamba hayo yote yalianzwa na Serikali. Sivyo. Makumbusho hayo yalianzwa na chama cha watu waliopenda kusikiliza, kutembea na kutazama. Habari za chama hicho, na za vyama vilivyokifuata, ndizo ninazotaka kukusimulia. Zina jambo moja la kusifiwa na jambo moja la kusikitisha, na yote mawili yanakuhusu wewe.

Mwaka 1909 mji wa Nairobi ulikuwa na umri wa miaka kumi tu tangu reli ilipofika hapo. Katika mwaka huo watu wachache, baadhi yao maofisa wa Serikali na wengine wamisionari, waliunda chama cha elimu ya viumbe vya Afrika Mashariki na Uganda. Kiongozi wao wa kwanza alikuwa Frederick Jackson, ofisa aliyependa sana ndege. Kila mmoja alikuwa na vitu vyake nyumbani: huyu vipepeo, yule ngozi za ndege, yule mimea iliyokaushwa. Wakaona kwamba vitu hivyo vikikaa kila kimoja katika sanduku la mwenyewe havitamfaa mtu. Kwa hiyo mwaka 1910 wakavikusanya katika nyumba moja, mahali linaposimama sasa jengo la Nyayo House. Na mwaka huo huo wakaanza kuchapisha jarida lao. Mwaka 1922 nyumba ile ilikuwa imekwisha kuwa ndogo, wakahama. Mwishowe, tarehe 22 Septemba 1930, likafunguliwa jumba la kilimani, likapewa jina la Gavana Coryndon aliyefariki mwaka 1925. Baada ya Uhuru jina hilo likaondolewa, nalo likawa Makumbusho ya Taifa.

Tazama basi mambo yalivyofuatana. Kwanza palikuwa na watu, ndipo pakawa na jumba.

Utauliza, je, chama cha namna hii hufanya nini? Kazi zake kubwa ni mbili, nazo ni hotuba na matembezi. Mtu anayejua jambo huwaeleza wenzake. Kisha siku nyingine wote hufunga safari wakaone kwa macho yale waliyoyasikia kwa masikio. Kazi hizi mbili ni kama miguu miwili ya mtu mmoja. Anayesikia hotuba asitoke nje ameshika maneno matupu. Naye anayetembea pasipo kufundishwa atapita juu ya hazina akidhani ni kokoto.

Desturi hiyo haikufa pamoja na ukoloni. Mwaka 1971 kilianzishwa chama kiitwacho Kenya Museum Society kwa kusudi la kuyasaidia Makumbusho ya Taifa. Nacho kimewaandalia wanachama hotuba, masomo juu ya nchi yetu, na safari za kwenda mahali pa kale. Katika mwaka huo huo Bibi Fleur Ng'weno alianza kuwaongoza watu asubuhi za Jumatano kutazama ndege, na chama kile cha 1909, ambacho siku hizi huitwa Nature Kenya, kimeyaendeleza matembezi hayo kwa zaidi ya miaka 50. Anayekwenda hahitaji bunduki wala mtego. Ahitaji macho, subira, na kitabu kidogo cha kuandikia majina ya ndege aliowaona, mahali na tarehe.

Nikupe mfano wa safari moja, ili ufahamu faida yake. Ukiifuata barabara ya Magadi kutoka Nairobi, utapita kando ya vilima vya Ngong na kuteremka katika Bonde la Ufa, na joto litakuzidi kadiri unavyoteremka. Baada ya kilometa 70 hivi utafika Olorgesailie, mahali penye udongo mweupe chini ya mlima wa jina hilo. Hapo mwaka 1942 Mary na Louis Leakey walikuta mashoka ya mawe mengi mno, yamelala juu ya ardhi kama mahindi yaliyoanikwa. Watu wa kale sana waliyachonga walipokaa kando ya ziwa ambalo limekauka tangu zamani. Mwaka 1947 mahali hapo pakafunguliwa kuwa makumbusho ya watu wote, na mawe mengi yakaachwa pale pale yalipoonekana. Mgeni hupita juu ya daraja la mbao akayatazama kwa chini.

Kwa nini yaliachwa? Kwa sababu jiwe lenyewe ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mahali lilipolala: lilikuwa katika tabaka gani la udongo, jirani yake ni jiwe lipi, na mfupa wa mnyama gani ulikuwa karibu. Ukiliondoa pasipo kuandika hayo, umelichukua jiwe na umeiua habari.

Jambo hili nalijua si kwa kusoma tu, bali kwa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi kama wewe, tulipelekwa Gedi, mji wa Waswahili wa kale ulio karibu na Malindi, uliohamwa katika karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na miongoni mwa vitu vilivyopatikana humo ni vigae vya vyombo vilivyotoka China. Mwongozaji wetu alitusimulia hayo yote, lakini mimi sikusikiliza, kwa maana nilikuwa nimekwisha kuona kigae kidogo chenye rangi ya kijani kikitokeza katika mchanga. Nilikiinamia kana kwamba nafunga kamba za kiatu, nikakitia mfukoni, wala sikumwambia mtu.

Kilikaa katika kopo langu miaka mingi. Nilipoanza kuwafundisha vijana wanaosomea ualimu, nilikitoa ili niwaonyeshe. Mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, kilitoka katika nyumba ipi? Au kilitoka msikitini?" Nikanyamaza. Sikukumbuka kama niliinama kando ya ukuta, au kisimani, au njiani. Likizo ilipofika nilikirudisha. Mzee mmoja mtunzaji wa mahali pale alikipokea kwa adabu, akaniuliza swali lile lile, nami nikajibu vile vile kwamba sijui. Hakunikemea. Alikiweka juu ya meza, akasema, "Kimerudi, lakini hakiwezi kusema tena." Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari; mimi nilikuwa mwizi wa habari kabla sijajua kwamba habari huibiwa.

Sasa nakuja kwenye lile jambo la kusikitisha nililolitaja mwanzoni. Waanzilishi wa chama cha 1909 walikuwa Wazungu, na kwa miaka mingi jumba walilolijenga halikuwa la kila mtu. Ni Louis Leakey ambaye, alipokuwa akiyasimamia Makumbusho katika miaka ya 1940, aliwafungulia Waafrika na Wahindi milango. Baba yake, aliyekuwa mmisionari, alikuwa mmoja wa waanzilishi wenyewe. Lakini hata milango ilipokuwa imefungwa, Mwafrika alikuwamo katika kazi. Nani aliyejua mti anapolala bundi? Nani aliyebeba masanduku, akaonyesha njia, akachuna ngozi ya ndege kabla haijaoza? Mara nyingi alikuwa ni mwenyeji wa mahali pale. Hata hivyo, kikaratasi kilichofungwa mguuni pa ndege kikaandikwa jina la bwana mwenye msafara, na mahali, na tarehe. Jina la aliyemwona ndege halikuandikwa. Watu wale waliojua vema thamani ya daftari walilifunga daftari lilipofika zamu ya jina la mtumishi. Kosa lao na langu ni moja. Mimi nilikipoteza mahali pa kigae, wao walimpoteza mtu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba haiwezekani kutengeneza. Mfikirie Kamoya Kimeu, aliyetoka Ukambani. Mwaka 1960 aliajiriwa kuchimba pamoja na akina Leakey huko Olduvai, Tanganyika. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa na macho yasiyochoka. Mwaka 1984, karibu na mto wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kinachofanana na kokoto zilizokizunguka. Wenzake walipochimba hapo walipata karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi miaka ipatayo milioni moja na nusu iliyopita. Lakini safari hii jina la aliyeona liliandikwa, likasomwa duniani kote. Hata mnyama mmoja wa kale wa jamii ya nyani amepewa jina la Kamoyapithecus kwa heshima yake. Kimeu alifariki mwaka 2022. Jina lake halikufariki.

Basi, msomaji wangu, nina ombi. Usingoje chama kikubwa kije kukualika. Wewe na wenzako kumi mwaweza kuanza. Mwalikeni mzee mmoja wa kijiji aje shuleni awaeleze asili ya kisima, au soko, au mti wa mikutano. Siku nyingine mwombeni awapeleke mkaone, akiwa na nguvu za kutembea. Msiokote kitu wala msichimbe. Sheria ya nchi yakataza, na mmekwisha kusikia sababu. Chukueni daftari tu. Andikeni mlichokiona, na mahali, na tarehe.

Na kabla ya kulifunga daftari, mwulizeni mzee huyo jina lake kamili, pamoja na jina la yule aliyemfundisha hayo aliyowaambia. Andikeni yote mawili.