Kiti Kilichofutwa Beijing

Februari 1965 Tanzania na China zilitia saini mkataba wa urafiki mjini Beijing. Kwa upande wa China, saini ilikuwa ya Mwenyekiti wa Jamhuri, aliyehesabiwa kuwa mkuu wa nchi. Julai 1976 China ilikabidhi reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Safari hii katiba yake haikuwa na cheo hicho hata kwa jina. Chama tawala ni kile kile. Kiti kilikwenda wapi?

Nilianza na katiba ya 1954. Mwenyekiti achaguliwe na bunge, awe ametimiza miaka 35, aamuru majeshi. Wa kumwondoa ni bunge lile lile. Mwenyekiti wa kwanza aliongoza chama pia. Mwaka 1959 alimwachia mwenzake kiti cha nchi, akabaki na cha chama. Kuanzia hapo viti viwili vilikuwa na watu wawili, na vyote viliitwa vya mwenyekiti. Kipi kilitawala?

Vitabu vingi hujibu kwa mstari mmoja: mwenyekiti wa pili aliondolewa 1968. Mstari huo haukuniridhisha. Oktoba mwaka huo kikao cha chama kilimfukuza uanachama na kumvua nyadhifa zote, za chama na za serikali. Lakini kumvua uongozi wa nchi ilikuwa kazi ya bunge, nalo halikuketi hata mara moja kati ya Januari 1965 na Januari 1975. Kwa maandishi ya katiba, basi, alibaki na cheo chake huku akizuiliwa nyumbani. Alifariki Novemba 1969 mjini Kaifeng. Anayemtafuta katika kumbukumbu za uchomaji maiti hatamwona, kwa kuwa liliandikwa jina la uongo. Wananchi hawakuambiwa. Chama kilimsafisha mwaka 1980, miaka kumi na zaidi baada ya maiti yake kuchomwa kimya. Katika miaka hiyo, nani alikuwa mkuu wa nchi?

Hapa orodha zinagongana. Katiba ilisema makamu arithi, ila makamu walikuwa wawili. Orodha moja inawaandika wote wawili tangu 1968. Nyingine inaacha pengo mpaka 1972, mmoja wao alipoanza kuitwa kaimu. Kwangu pengo ndilo kweli zaidi, maana hakuna kikao cha bunge kilichomthibitisha yeyote. Kwa nini basi viongozi wa chama hawakukijaza kiti?

Walijaribu. Mwaka 1970, katika mkutano wa chama huko Lushan, suala la kiti hicho lilizua mvutano mkali. Simulizi iliyoenea inasema kundi moja lilikitaka kwa ajili ya kiongozi wake, aliyekufa Septemba 1971 ndege ilipoanguka Mongolia. Nimeipima na nina shaka nayo. Pendekezo lililotolewa waziwazi lilikuwa kwamba kiti apewe mwenyekiti wa chama mwenyewe, naye alikikataa. Tena shutuma za njama zilitangazwa wakati mshutumiwa hawezi tena kujibu. Ikiwa hakukuwa na mnyang'anyi, kwa nini kiti kiliogopwa kiasi hicho?

Januari 1975 katiba mpya ilikifuta, na majeshi yakawekwa chini ya mwenyekiti wa chama. Kisha likatokea jambo lililonifanya nirudie kusoma tarehe: Mei 1981 mama mmoja aliyewahi kuwa makamu, akiwa mahututi, alipewa heshima ya mwenyekiti wa jamhuri. Cheo chenyewe hakikuwamo katika katiba. Ni nini kilichowarudisha kwenye kiti walichokifuta wenyewe?

Desemba 1982 kilirudi rasmi, kikiwa kimepunguzwa. Umri ulipanda hadi miaka 45, vipindi vikawa viwili vya miaka mitano mitano, na majeshi yakapewa tume nyingine. Kazi zilizobaki ni kutangaza sheria, kupokea mabalozi, kuteua kwa uamuzi wa bunge. Tangu 1993, ukiacha miezi michache ya makabidhiano, anayekikalia ndiye pia katibu mkuu wa chama. Machi 2018 bunge lilifuta ukomo wa vipindi kwa kura 2,958 dhidi ya 2. Uongozi wa chama na wa majeshi haukuwa na ukomo kama huo katika katiba. Ikiwa nguvu iko kule, kwa nini ilihitajika katiba kubadilishwa kwa ajili ya kiti hiki?