Keki Popu Hazikuanzia Runda

Wacha nianze na aibu yangu. Jumamosi iliyopita dadangu mdogo alikuwa anatimiza miaka 7, na mimi ndiye nilijitolea kuoka keki. Oveni hatuna. Nilitumia sufuria kubwa, mchanga chini, makaa juu ya kifuniko, vile nyanya alikuwa akifanya. Baada ya dakika 20 uvumilivu ukaisha, nikafunua. Keki ikabonyea katikati kama barabara ya mtaa baada ya mvua. Mathe akachungulia, akasema polepole, "Hata hii nayo umeiachia njiani."

Kama umekuwa ukinifuata, unajua alikuwa anaongea kuhusu nini. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Sikumjibu. Nilirudisha kifuniko, nikangoja keki iive kabisa, ikapoa, nikaivunjavunja kwenye beseni ikawa chenga. Hivyo ndivyo nilitengeneza keki popu kwa mara ya kwanza maishani.

Binamu yangu alipoona vile vitonge vya keki kwenye vijiti, alicheka. "Hizo si ni za watoto wa Runda?" Swali lake lilinikosesha usingizi, nikaanza kusoma. Na nimegundua tumedanganywa na sura ya hiki kitu.

Ni kweli, keki popu kwa sura ya leo ni za Marekani, tena si za zamani. Mwaka 2008, mama mmoja wa jimbo la Georgia, Angie Dudley, aliyekuwa akiandika blogu kwa jina la Bakerella, alichukua vitonge vya keki iliyochanganywa na krimu, akavichoma vijiti vya lolipopu na kuvichovya kwenye mchanganyiko mtamu unaoganda. Picha zikasambaa. Mwaka huohuo akaalikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Martha Stewart, na mwaka 2010 akatoa kitabu. Ilipofika 2011, Starbucks ilikuwa inaziuza kwenye mikahawa yake Marekani. Miaka 3 tu, kutoka jikoni hadi kaunta ya kahawa!

Lakini angalia vizuri: Dudley hakuvumbua kitonge. Alichokiongeza ni kijiti, mapambo, na picha nzuri wakati ambapo watu walikuwa wameanza kula kwa macho mtandaoni. Kitonge chenyewe ni cha zamani, na hakikutoka kwa matajiri. Kilitoka kwa waokaji waliokataa hasara.

Nenda Denmark. Huko kuna kitu kinaitwa romkugle, kitonge cheusi chenye ladha ya ramu. Waokaji walikifanya kwa kukusanya mabaki ya keki na maandazi yao ambayo hayakununuliwa, wakayaponda, wakatia kakao na ramu, wakaviringisha. Jirani zao wa Sweden wana keki ndogo ya kijani ambayo wamezoea kuiita dammsugare, yaani mashine ya kufyonza vumbi, na wapo wanaosema ni kwa sababu mwokaji hufagia chenga za siku nzima na kuzitia ndani. Waingereza nao wana trifle, ambayo ni njia ya kuiokoa keki iliyokauka kwa kuilowesha na kuifunika kastadi. Kumbe kila mahali penye keki kuna mtu amekaa akiangalia mabaki, anajiuliza atayafanya nini.

Na sisi je? Usiniambie kitonge kitamu ni kigeni hapa. Uliza mtu wa Mombasa kuhusu kaimati. Jina lenyewe linatokana na Kiarabu luqaimat, maana yake vitonge vidogo, na ndugu yake wa karibu yumo kwenye kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226. Unga, mafuta ya moto, kisha sukari inayoganda juu. Si keki, sawa, lakini hesabu ni ileile: kitu cha mviringo, cha kumeza mara moja au mbili, kimevishwa utamu. Hata zile keki ndogo za dukani tunazoita queen cake, jina hilo limo kwenye vitabu vya mapishi vya Uingereza vya karne ya 18. Huwa tunakiita kitu "cha kizungu" au "cha kwetu" kulingana na bei yake tu, si historia yake.

Kinachonisumbua ni hiki. Leo, video nyingi zinakufundisha uoke keki nzuri kabisa, kisha uivunje ndiyo upate keki popu. Kitu kilichoanza kama kuokoa hasara sasa kinatumia unga, mayai na sukari ya keki nzima ambayo haikuwa na kosa lolote. Na kwa bei ya sukari ya sasa, hapana. Keki yako ikikubali, kula keki.

Ikikataa, nimejifunza haya kwa uchungu. Krimu ni kijiko kimoja kimoja. Mimi nilijaza, vitonge vikawa vizito na 9 kati ya 26 vikateleza kwenye vijiti. Chovya ncha ya kijiti kwenye chokoleti kabla ya kukichoma, hiyo ndiyo gundi. Vitonge viwe baridi, lakini visigande kama barafu, la sivyo chokoleti itapasuka. Nunua ile chokoleti ya kupikia yenye mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao, maana inaganda bila masharti mengi. Mimi nilitumia vijiti vya mishikaki nikavikata ncha, kwa sababu ya watoto.

Vile 9 vilivyoanguka tulivila kwa kijiko. Vilivyobaki viliisha kabla ya wimbo wa birthday kuisha.

Kuhusu chuo, mimi na mathe bado hatujaongea. Ila jioni, akiosha lile beseni, aliniuliza kama chama chake kikija mwezi ujao nitahitaji mayai mangapi. Nikamwambia 6, na kwamba safari hii sifunui.