AC/DC

AC/DC ni bendi ya muziki wa roki nzito kutoka nchini Australia. Ilianzishwa mjini Sydney mwaka 1973 na ndugu wawili, Malcolm Young (1953–2017) na Angus Young (aliyezaliwa 1955). Ni mojawapo ya bendi zilizouza rekodi nyingi zaidi duniani: mauzo yake yanakadiriwa kuzidi nakala milioni 200. Albamu yake ya karibuni, Power Up, ilitolewa tarehe 13 Novemba 2020 kwa kumbukumbu ya Malcolm.

Asili na jina

Familia ya Young ilitoka Glasgow, Uskoti, ikahamia Australia mwaka 1963. Kaka yao George alipata umaarufu mapema akiwa na bendi ya The Easybeats. Baadaye yeye na mwenzake Harry Vanda ndio waliotayarisha albamu za mwanzo za AC/DC.

Jina la bendi lilitokana na dada yao, Margaret, aliyeona herufi hizo kwenye cherehani. Herufi hizo huandikwa kwenye vyombo vya umeme kuonyesha aina mbili za mkondo: ule unaogeuza mwelekeo wake mara kwa mara (AC) na ule unaokwenda upande mmoja tu (DC). Ndugu hao waliona kwamba jina hilo linafaa kwa muziki wenye nguvu. Margaret ndiye pia aliyempa Angus wazo la kuvaa sare ya shule jukwaani, yaani kaptula, koti, tai na kofia. Angus ameendelea kuvaa hivyo hadi uzeeni.

Onyesho la kwanza lilifanyika mjini Sydney katika mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1973. Mwimbaji wa kwanza alikuwa Dave Evans.

Miaka ya Bon Scott (1974–1980)

Mwaka 1974 nafasi ya Evans ilichukuliwa na Bon Scott, ambaye naye alizaliwa Uskoti akakulia Australia. Scott ndiye aliyetunga maneno ya nyimbo, na ndugu wa Young walitunga muziki. Mpiga ngoma Phil Rudd alijiunga mwaka 1975 na mpiga besi Cliff Williams mwaka 1977.

Albamu za kwanza, High Voltage na T.N.T., zilitolewa Australia peke yake mwaka 1975. Mwaka uliofuata nyimbo zilizochaguliwa kutoka albamu hizo mbili zilikusanywa katika toleo moja la kimataifa. Baadaye zilifuata Dirty Deeds Done Dirt Cheap (1976), Let There Be Rock (1977) na Powerage (1978). Bendi ilisifika zaidi kwa maonyesho yake kuliko kwa mauzo ya rekodi.

Mambo yalibadilika kwa albamu ya Highway to Hell (1979), iliyotayarishwa na Robert John "Mutt" Lange. Ilifika nafasi ya 17 katika chati ya Marekani, na milango ya soko hilo kubwa ikafunguka. Lakini tarehe 19 Februari 1980 Scott alifariki mjini London akiwa na umri wa miaka 33, baada ya kunywa pombe kupita kiasi.

Back in Black

Wengi walidhani bendi ingevunjika. Badala yake ndugu wa Young walimchukua Brian Johnson, mwimbaji Mwingereza aliyewahi kuimba katika bendi ya Geordie. Walirekodi albamu mpya mjini Nassau, visiwa vya Bahama, wakaitoa Julai 1980, miezi mitano tu baada ya msiba. Jalada lake ni jeusi kwa ajili ya maombolezo, na wimbo wa kwanza unaanza kwa mlio wa kengele.

Inakadiriwa kwamba nakala milioni 50 hivi za albamu hiyo zimeuzwa duniani, nusu yake nchini Marekani. Kwa hiyo inahesabiwa kati ya albamu zilizouzwa zaidi katika historia ya muziki. Mwaka 1981 For Those About to Rock We Salute You ikawa albamu yao ya kwanza kushika nafasi ya kwanza nchini Marekani.

Muziki wake

Muziki wa AC/DC umejengwa juu ya magitaa mawili. Malcolm alipiga gitaa la ridhimu, yaani lile linaloshikilia mapigo, na Angus alipiga gitaa la solo. Chanzo chake ni bluzi na rokenroli ya miaka ya 1950, hasa ya Chuck Berry. Wahakiki kadhaa wamelalamika kwamba albamu zote zinafanana. Wapenzi wake wanajibu kwamba kutobadilika huko ndiko nguvu yake.

Ingawa watazamaji humwangalia Angus, aliyeongoza bendi katika muziki na maamuzi alikuwa Malcolm.

Misukosuko ya 2014–2017

Baada ya The Razors Edge (1990), Ballbreaker (1995) na Stiff Upper Lip (2000), bendi iliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2003. Black Ice (2008) ilishika nafasi ya kwanza katika nchi nyingi. Angus alieleza baadaye kwamba tayari wakati huo Malcolm alikuwa ameanza kusahau. Alilazimika kujifunza upya nyimbo alizozitunga mwenyewe ili aweze kusafiri na wenzake.

Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba Malcolm ana maradhi ya kupoteza kumbukumbu na hatarudi. Nafasi yake ilichukuliwa na Stevie Young, mtoto wa kaka yao, aliyeshiriki katika albamu ya Rock or Bust ya mwaka huohuo. Rudd hakushiriki katika ziara iliyofuata kwa sababu ya mashtaka mahakamani nchini New Zealand. Mwaka 2016 madaktari walimwonya Johnson kwamba angeweza kupoteza kabisa uwezo wa kusikia, hivyo Axl Rose wa Guns N' Roses akamalizia ziara kwa niaba yake. Ziara ilipokwisha, Williams alistaafu. Tarehe 18 Novemba 2017 Malcolm alifariki akiwa na umri wa miaka 64, wiki chache baada ya kaka yake George.

Power Up

Kati ya wanabendi wa zamani alibaki Angus peke yake. Hata hivyo, mwaka 2018 Johnson, Rudd na Williams walirudi, wakarekodi pamoja naye na Stevie mjini Vancouver, Kanada. Mtayarishaji alikuwa Brendan O'Brien. Johnson aliweza kuimba tena jukwaani kwa msaada wa kifaa maalumu cha masikioni.

Albamu ina nyimbo 12 na urefu wa dakika 41 hivi. Nyimbo zote zimeandikwa kwa majina ya Malcolm na Angus, kwani zimetokana na vipande walivyotunga pamoja na kuvihifadhi kwa miaka mingi. Hivyo Malcolm ni mtunzi wa albamu ambayo hakuwahi kuisikia. Wimbo wa kwanza kutolewa ulikuwa "Shot in the Dark". Albamu ilishika nafasi ya kwanza Australia, Uingereza, Marekani na Ujerumani, ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki.

Kutokana na janga la UVIKO-19, ziara haikuweza kufuata mara moja. Bendi ilirudi jukwaani Oktoba 2023 huko California, na ziara ya Power Up ilianza Mei 2024 mjini Gelsenkirchen, Ujerumani. Matt Laug alipiga ngoma na Chris Chaney besi. Angus, akiwa na umri wa miaka 69, alipanda jukwaani amevaa sare yake ya shule.