Maziwa ya Masisi: nini inayaharibu kabla ya kufika Goma?

Milima ya Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, inajulikana kwa majani mabichi, ng'ombe na fromaji. Asubuhi maziwa yanabebwa kwa miguu na kwa moto mpaka kwa watengenezaji wa fromaji, ao Goma kwa kupitia Sake. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe mbili ao tatu, bidoni moja ikikataliwa, ni pesa ya shule ya watoto iliyomwangika.

Mikrobe na joto

Maziwa yanatoka kwenye kiwele na joto ya mwili wa ng'ombe, karibu digrii 38. Mikrobe zinapenda ile joto: kuna zenye kuongezeka mara mbili kila dakika 20 ao 30. Zinageuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na maziwa yanachacha. Barabara ikiwa mbaya ao ikifungwa kwa sababu ya usalama, kila saa inayopita inazidisha hasara.

Mahali uchafu unaingia

Uchafu unaingia kwa mikono, kwa chuchu zenye matope, na zaidi kwa bidoni za plastiki za njano, zile zilizobeba mafuta. Mdomo wake ni mdogo, mkono hauingii, na mabaki ya jana yanachachisha maziwa ya leo. Chombo cha alimini chenye mdomo mpana ni bora.

Kukiosha: kwanza maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanagandisha maziwa kwenye chombo, kisha maji ya moto, sabuni na burashi, mwisho kukisuuza na kukiinamisha kwenye jua.

Wakati wa kukamua

Osha mikono na chuchu, panguza na kitambaa safi. Matone ya kwanza yaweke katika kikombe cheusi: ukiona mabonge ao damu, kiwele kinaumwa. Ng'ombe huyo akamuliwe wa mwisho, na maziwa yake yasichanganywe. Vilevile ng'ombe aliyepigwa sindano ya antibiotike: ngojea siku zile veterineri amesema, kwani dawa hiyo inazuia hata fromaji kushika. Maziwa ya jana jioni na ya leo asubuhi yasitiwe pamoja. Kama hakuna frigo, weka chombo kivulini, ndani ya maji baridi.

Namna ya kupima

Mnunuzi ananusa kwanza. Kisha anachanganya maziwa na alkoli kiasi sawasawa: yakikatika, anayakataa. Kwa kutafuta maji anatumia laktodensimetre. Maziwa safi ya ng'ombe, kwenye digrii 20, yanapima kati ya 1,028 na 1,032. Chini ya hapo, mnunuzi anashuku maji. Anayeongeza maji haibi tu mnunuzi. Anaingiza pia mikrobe za mtoni, na kumuharibia jirani, kwani bidoni zote zinamwangwa katika chombo kimoja.

Nyumbani

Maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela na kifua kikuu, hata kama ng'ombe anaonekana mzima. Wengine wanasema kuchemsha kunaondoa nguvu ya maziwa. Vitamini kidogo zinapotea, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya chakula inabaki, na mikrobe za magonjwa hayo zinakufa. Kabla ya kumpa mtoto, acha yachemke mpaka yapande, kisha yafunike.