Ofisi iliyojenga Apollo, na barua iliyokwama njiani

Jioni ya 27 Januari 1967, mwanaanga Gus Grissom alikuwa amelala chali ndani ya chombo cha Apollo, juu ya roketi isiyotiwa mafuta, huko Cape Kennedy, Florida. Yalikuwa mazoezi tu. Mawasiliano yalikuwa yakikatikakatika, na waliokuwa chumba cha udhibiti hawakumpata vizuri. Grissom akauliza kwa hasira watafikaje mwezini ikiwa hawawezi hata kusemezana kati ya majengo mawili matatu. Dakika chache baadaye moto ukazuka. Yeye na wanaanga wenzake, Ed White na Roger Chaffee, wakafia humo humo.

Januari 2027 itatimia miaka 60. Kila kumbukumbu ya msiba huu inapofika, tunasimuliwa habari za nyaya, oksijeni tupu na mlango uliofungukia ndani. Ni sawa, ndivyo vilivyowaua. Lakini swali la Grissom lilikuwa zito kuliko hitilafu ya redio, na historia yake inatuhusu sote tunaofanya kazi maofisini.

Ofisi moja ya kuongoza mradi mzima, ile inayopaswa kuwaunganisha watu wake, haikuanzia NASA, shirika la anga la Marekani. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuwa nayo tangu 1955, chini ya Admirali William Raborn, ofisi iliyokuja kutengeneza kombora la Polaris. Rais Kennedy alipotangaza safari ya mwezini mwaka 1961, mradi wa Apollo nao ukahitaji utaratibu kama huo. Stephen Johnson, ambaye kitabu chake cha mwaka 2002, The Secret of Apollo, ndicho nilichokitegemea zaidi, anaona kwamba siri ya Apollo haikuwa vipaji vya wahandisi peke yake, bali pia utaratibu wa kuwaunganisha. Namwamini.

George Mueller alipoingia NASA Septemba 1963 kuongoza safari za binadamu angani, aliwaagiza maofisa wawili, John Disher na Adelbert Tischler, wampe hali halisi ya mradi. Wakamjibu bila kumung'unya maneno: uwezekano wa kutua mwezini kabla ya muongo kwisha ulikuwa mmoja kati ya kumi. Vituo vya NASA vya Huntsville, Houston na Florida kila kimoja kilikuwa na mkuu wake na fahari yake, mithili ya falme tatu zinazojenga nyumba moja.

Mueller akamleta Jenerali Samuel Phillips kutoka mradi wa kombora la Minuteman, akaunda ofisi ya Apollo yenye vitengo vitano: udhibiti wa mradi, uhandisi wa mifumo, majaribio, ubora, na uendeshaji wa safari. Kisha akavirudia vitengo hivyo hivyo katika kila kituo. Hapo ndipo penye ufundi. Mtu wa majaribio wa Houston sasa alimpigia simu mwenzake wa majaribio wa makao makuu moja kwa moja, bila kusubiri jalada lipande ngazi kwa wakubwa na kushuka tena.

Lakini njia ya simu si sawa na habari kufika. Mwishoni mwa 1965 Phillips alikwenda na kikosi chake kuikagua kampuni ya North American Aviation, mkandarasi wa chombo cha Apollo na wa hatua ya pili ya roketi. Walikuta kazi inachelewa, gharama zinapanda, ubora unayumba. Tarehe 19 Desemba akamwandikia rais wa kampuni, Lee Atwood, barua kali, akaambatisha ripoti ya kikosi. Mueller aliijua habari hiyo. Ila James Webb, mkuu wa NASA yote, hakuiona.

Mwezi mmoja baada ya moto, Seneta kijana wa Minnesota, Walter Mondale, akauliza kuhusu ripoti hiyo mbele ya kamati ya Seneti. Majibu ya NASA yakawa ya kukwepa. Webb alikuwa ameketi pale pale, hajui seneta anazungumzia nini. Baadaye taasisi ikaingia kwenye mabishano ya aibu kama yale maandishi yaitwe ripoti au maelezo tu. Watu watatu wamekufa, wakubwa wanabishania jina la karatasi! Ofisi ilikuwepo, chati ilikuwepo, vitengo vitano vilikuwepo. Habari mbaya haikumfikia aliyepaswa kuijua kwanza.

Kilichookoa mradi kilikuwa kikao. George Low, aliyepewa usimamizi wa chombo huko Houston baada ya msiba, alianzisha bodi ya mabadiliko iliyokutana kila wiki Ijumaa. Wahandisi, wanaanga, waongoza safari na wakandarasi waliketi meza moja. Kila badiliko, hata dogo, lilielezwa mbele ya wote, kisha Low akaamua hapo hapo. Tangu Juni 1967 hadi Julai 1969 bodi ilikutana mara 90, ikajadili mabadiliko 1,697 na kupitisha 1,341. Tarehe 20 Julai 1969 wanaanga Armstrong na Aldrin wakatua mwezini.

Lakini somo hilo lilisahaulika: ajali za vyombo vya NASA, Challenger mwaka 1986 na Columbia mwaka 2003, zilionyesha tena onyo la wahandisi likiishia njiani.

Siku hizi taasisi zetu nyingi zinafungua kitengo cha usimamizi wa miradi, zinanunua programu ya kompyuta na kufungua kundi la WhatsApp, zikadhani mawasiliano yametengemaa. Afisa wa chini akileta taarifa ya kuchelewa, anaambiwa akairekebishe kwanza kabla bosi hajaiona. Hilo linanikera, maana gharama yake inajulikana.

Barua ya Phillips haifichwi tena. NASA yenyewe imeiweka wazi katika kumbukumbu zake za historia. Mkuu wa taasisi anayekusudia kufungua ofisi kama ile na aisome kwanza, kisha awaulize walio chini yake ni barua gani bado haijamfikia.