Harufu ya Siki Ndani ya Kopo

Mwaka jana shangazi aliniita Tanga nimsaidie kufungua kopo la biskuti. Lilikuwa limezungushiwa utepe tangu marehemu mumewe, mpiga picha za harusi, alipofariki. Utepe ulipobanduka, harufu kali ilitupiga puani. Ndani mlikuwa na negativu zilizojikunja kama majani makavu ya mgomba. "Nani kamwaga siki humu, mwanangu?" Hakuna aliyemwaga. Negativu zenyewe ndizo zilizoitengeneza.

Kisa hiki kinaanzia kwenye moto. Filamu za mwanzo za sinema zilikuwa za nitrati ya selulosi, plastiki iliyo ndugu wa baruti: ikiwaka hujizalishia oksijeni, hata ukiizamisha majini haizimiki. Julai 1937 ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliteketea pamoja na filamu zake nyingi za enzi ya sinema bubu. Asetati ilipochukua nafasi ya nitrati ikaitwa filamu salama, nayo ikafungiwa kwenye makopo ya bati yenye mifuniko ya kubana. Watu wakalala usingizi.

Walioamshwa kwanza ni India. Triasetati ilitoka 1948, na kabla ya miaka kumi kupita serikali ya India ikaiarifu Kodak kwamba filamu zake, zilizokaa kwenye joto na unyevu, zinaharibika. Hali hiyo sisi wa pwani hatuhitaji kusimuliwa. Joto na unyevu huivunja asetati, nayo hutoa tindikali ileile iliyomo kwenye siki. Kisha tindikali huharakisha kuvunjika kwa asetati iliyobaki. Mfuniko ukibana, mvuke hauna pa kutokea, na filamu hujipika humo kama achari. Watafiti wa Image Permanence Institute, Rochester, walikadiria kwamba kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50, filamu mpya ina miaka 40 hivi kabla siki haijaanza. Tanga, nyuzi 21 ni za usiku wa Julai.

Ndipo hifadhi nyingi zikahamia makopo ya plastiki yanayopitisha hewa. Lakini si plastiki yoyote. PVC, ile yenye harufu ya pazia jipya la bafuni, ikizeeka hutoa tindikali yake, na vilainishi vyake hunata kwenye picha. Zinazofaa ni polipropilini na polithini. Geuza chombo utazame pembetatu iliyo chini: 5 ni polipropilini, 2 na 4 ni polithini. Ukiona 3, kiache dukani. (Vile vikopo vyeusi vya Kodak, ambavyo nyumbani tulitilia iliki na sarafu, vilikuwa vya plastiki nzuri, ila vinabana mno kwa filamu iliyokwisha kuanza kunuka.)

Negativu zenye siki tulizitenga na nzima, maana mvuke wake huambukiza. Kila moja ikapata bahasha ya karatasi, bahasha zikaingia kwenye masanduku mawili ya namba 5, nayo tukayatoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto. Tulifanikiwa kuskani harusi 11. Katika moja, tabaka la picha lilikuwa limemeguka palepale usoni pa bibi harusi. Shangazi alimtambua kwa kanga ya mama aliyesimama nyuma yake.