Ngome za Homugadi, Kuanzia Nkubu hadi Embu

Ukitoka mjini Meru kwenda Embu, Nkubu unaifikia kabla safari haijanoga. Mkono wa kulia, mashamba yanapanda hadi ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya. Mkono wa kushoto, migomba na mibuni inateremka kuelekea nchi ya joto ya Mitunguu na Tharaka. Kati ya 1953 na 1955 ukanda ule wa juu ulikuwa mpaka wa vita. Ndani ya msitu walikuwemo wapiganaji wa Mau Mau, na nje, kutoka Imenti kupitia Chuka hadi Embu, zilijengwa ngome za mgambo ambao wananchi waliwaita mahomugadi.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Machifu, mahedimani na watu wa makanisa walikuwa wameanza kujikusanyia walinzi wao. Mwaka 1953 serikali ikavitambua vikundi hivyo na kumkabidhi Kanali Philip Morcombe kazi ya kuviweka chini ya amri moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walihesabiwa pamoja, na kikosi kilipofikia kilele chake kilikuwa na watu zaidi ya 20,000. Mwanzoni wengi walikabidhiwa mikuki, pinde na mapanga tu. Bunduki zilitolewa kwa mkono wa birika, kwa kuwa wakubwa walihofia zingeishia msituni. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kulikuwa na homugadi aliyelinda usiku, na mchana akapeleka risasi upande wa pili, na mara nyingi waliopokea risasi hizo walikuwa jamaa zake.

Ngome yenyewe haikuwa ya mawe. Ilizungukwa na handaki refu kwenda chini, na sakafuni mwa handaki hilo ilisimikwa mianzi iliyochongwa ikachongoka, maana mlimani mianzi haina bei. Baada ya handaki ilifuata seng'enge, kisha boma la magogo. Kuingia kulikuwa kwa daraja moja la mbao ambalo jioni lilivutwa ndani. Juu ya yote ulisimama mnara wa miti, na mlinzi aliyekuwa juu yake aliweza kuona kijiji kizima: nani ametoka, nani amerudi, moshi wa nani umechelewa kuzimika. Ndani mlikuwa na vibanda vya nyasi vya askari, ghala, na chumba cha kuwahoji watu. Maji na kuni vililetwa na wanawake wa kijiji, kwa zamu na bila malipo.

Ni rahisi leo kuwagawa watu wa wakati ule mafungu mawili, wasaliti na mashujaa. Mimi naona hesabu hiyo haifungi. Aliyejiunga na ngome alisamehewa kodi maalumu waliyotozwa wengine, akapata ruhusa ya kutembea, na akalala mahali penye mlinzi. Wengine walikuwa na kesi za mashamba na majirani zao na wakaona njia ya mkato ya kuzimaliza. Wengine waliamini kwa dhati kwamba kiapo cha Mau Mau kilikuwa dhambi. Na wengi waliogopa tu.

Kuwa upande wa serikali nako hakukuwa kinga. Mwezi Juni 1953, karibu na Chuka, askari wa King's African Rifles waliokuwa wakiwasaka wapiganaji waliwaua watu wapatao 20 wasio na silaha. Waliouawa walikuwa watu wa kikosi cha homugadi, yaani wenzao. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Kapteni Gerald Griffiths alifungwa mwaka 1954, lakini kwa makosa mengine ya siku hizo hizo. Tukio hilo lingepaswa kufundishwa katika kila shule ya Tharaka Nithi na Meru, na bado wengi hulisikia ukubwani.

Juni 1954 serikali iliamua kuwahamishia wananchi katika vijiji vya lazima. Katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, zaidi ya watu milioni moja walivunjiwa nyumba zao na kusongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800. Hapo ndipo ngome ilipobadilika kazi. Mwanzo ilijengwa kuutazama msitu. Sasa mnara wake uliwatazama wanakijiji. Asubuhi watu walihesabiwa na kupelekwa kuchimba mahandaki na barabara, jioni walifungiwa. Aliyechelewa langoni alijua kitakachompata. Habari za madhila hayo zilimfikia hata mkuu wa polisi wa Kenya, Kanali Arthur Young, ambaye alijiuzulu mwisho wa 1954. Januari 1955 Gavana Evelyn Baring alitoa msamaha uliowagusa wote, waliokuwa msituni na mahomugadi waliokuwa wametenda makosa.

Mwaka huo kikosi kikavunjwa, ila wananchi hawakuacha kulitumia jina. Baadhi ya mahomugadi waliingizwa katika polisi wa kikabila, ambao tangu 1958 wanajulikana kama polisi wa utawala. Aprili 1956, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, walipopiga marufuku ukeketaji na wasichana wakakaidi kwa kujitahiri wenyewe, wale walioitwa Ngaitana, waliotumwa kuwakamata walikuwa mahedimani na mahomugadi. Kati ya 1956 na 1959 zaidi ya watu 2,400 walifikishwa katika mahakama za Kiafrika kwa kosa hilo.

Malipo makubwa zaidi ya utiifu yalikuwa kura. Katika uchaguzi wa Machi 1957, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa kupiga kura bila cheti cha utiifu, na cheti kilitoka kwa wale wale waliokuwa wakisimamia ngome. Wakikuyu wengi wakabaki nje ya daftari, na uzito wa Wameru ukaongezeka. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, alishindwa, na kiti cha Mkoa wa Kati kikaenda kwa Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru. Wakati huo Musa Mwariama, kiongozi wa Mau Mau, alikuwa bado msituni na watu wake. Alitoka Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, akapokelewa na Jomo Kenyatta. Mwenzake Baimungi aliuawa na majeshi ya serikali mpya mwaka 1965.